Mhalifu anapita langoni: barua ya wazi kwa wasimamizi wa mipaka ya Kenya

Kwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Katibu wa Idara ya Uhamiaji, na wabunge wa kamati ya usalama ya Bunge la Taifa.

Waheshimiwa,

Kila damu inapomwagika nchini, kauli ya kwanza kutoka kwa viongozi huwa ile ile: tutafunga mpaka. Ilitolewa baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa, na tangu hapo haijaisha midomoni. Siku hizi inakuja kwa namna nyingine, kwamba wahalifu wa kigeni wamejaa mijini kwa sababu mipaka yetu ni legevu, na kwamba tukiongeza ua, askari na vizuizi, wataishia huko huko walikotoka.

Mimi nimekula jasho langu mipakani nikiwa wakala wa forodha. Nimekaa kwenye foleni za malori, nimelala kwenye viti vya ofisi za kukodi nikisubiri karatasi zigongwe muhuri, nimewajua maafisa wengi wa uhamiaji, wema na wabaya. Nawaandikia kuwaambia kwamba mpaka, hata ulindwe vipi, humzuia tu mtu ambaye afisa aliyeketi dirishani tayari anamjua, na ambaye afisa huyo ana uhuru wa kumkatalia. Yakikosekana hayo mawili, ukuta mrefu kuliko wote hautatusaidia, na pesa tutakazoutupia zitakuwa zimeibwa kutoka mahali zinapohitajika kweli.

Tuanze na mpaka ambao tulishaufunga. Mpaka wetu na Somalia ulifungwa rasmi mwaka 2011. Sasa angalieni tarehe. Jumba la maduka la Westgate, Nairobi, lilivamiwa na Al-Shabaab, kundi la kigaidi la Somalia, tarehe 21 Septemba 2013, wakafa watu 67. Chuo Kikuu cha Garissa kilivamiwa tarehe 2 Aprili 2015, wakafa 148, wengi wao wanafunzi waliokuwa wamelala. Hoteli ya Dusit, Nairobi, ilivamiwa tarehe 15 Januari 2019, wakafa 21. Mara zote tatu mpaka ulikuwa umefungwa kwa amri ya Serikali. Baada ya Garissa tukaahidiwa ukuta kwenye mpaka wa takriban kilomita 700. Mabilioni ya shilingi yakatumika, ikajengwa seng'enge ya kilomita zipatazo kumi huko Mandera, na mwaka 2018 kazi ikasimama. Mwaka 2023 Serikali ilitangaza kuufungua mpaka huo, kisha mashambulizi yakazuka na mpango ukaahirishwa, kana kwamba kufunga ndiko kulikokuwa kumetukinga miaka yote hiyo.

Na walioshambulia walikuwa nani? Mmoja wa wauaji wa Garissa alikuwa kijana wetu, mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu wa Mandera. Baba yake alikuwa amekwisha kutoa taarifa kwa wakubwa kwamba mwanawe hajulikani alipo na kwamba anahofia amevuka kwenda Somalia. Mheshimiwa Waziri, naomba usome sentensi hiyo mara ya pili. Mzazi, tena mtumishi wa Serikali, aliipeleka habari ofisini kwa miguu yake. Aliyeongoza shambulizi la Dusit naye alizaliwa na kulelewa Kenya, mtoto wa askari wa jeshi letu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, lakini kila mara tunatafuta nguo za jirani.

Sisemi kwamba wageni wabaya hawapo. Wapo, na wametuumiza sana. Ndiyo maana nataka tuzungumzie jinsi walivyoingia kwa kweli, kwa sababu historia yetu imejaa mifano na hakuna hata mmoja unaohusu mtu aliyeruka ua usiku.

Mohammed Sadiq Odeh, mmoja wa waliotiwa hatiani kwa mlipuko wa ubalozi wa Marekani Nairobi wa mwaka 1998, alifika pwani yetu mwaka 1994. Hakuwa na rekodi yoyote ya uhalifu. Wakubwa wake wa Al-Qaeda walimpatia mashua ya uvuvi, akafanya biashara ya samaki Mombasa, akaoa binti wa Kikenya, baadaye akahamia Witu akawa anatengeneza fanicha. Afisa yupi wa uhamiaji angemzuia mwaka huo, kwa kosa gani? Fazul Abdullah Mohammed, Mkomoro aliyetuhumiwa kupanga mlipuko huo na ule wa Kikambala uliofuata, naye alikaa Siyu, kisiwani Pate, akifundisha madrasa na kucheza mpira na vijana, akaoa hapo hapo. Mnamo Novemba 2002 hoteli ya Paradise ya Kikambala ikalipuliwa, na miongoni mwa waliokufa walikuwemo wacheza ngoma wetu waliokuwa wamejipanga kuwakaribisha watalii. Watu hawa waliishi kati yetu miaka kadhaa. Walikuwa na majirani, walikuwa na vinyozi, walikuwa na watu wanaowakopesha unga. Dakika moja waliyosimama mbele ya dirisha la uhamiaji ilikuwa sehemu ndogo mno ya kukaa kwao Kenya, na bado tunaibebesha dakika hiyo mzigo wote wa usalama wa taifa.

Halafu kuna kundi la pili, linalonichoma zaidi: wale ambao walijulikana, na bado wakapita. Mwaka 2006 watu wawili waliojitambulisha kuwa Waarmenia, Artur Margaryan na Artur Sargasyan, walitoa bastola mbele ya maafisa wa forodha kwenye uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Maafisa wale walikuwa wakifanya kazi yao tu, wakitaka mizigo ikaguliwe. Ikabainika kwamba watu hao walikuwa na pasi za kuingia sehemu za ndani za uwanja na vitambulisho vya kuwaonyesha kuwa ni maafisa wakubwa wa polisi wa Kenya. Wakasafirishwa nje ya nchi siku iliyofuata, kabla hatujawauliza lolote la maana. Ua gani ungewazuia? Pasi zile zilitolewa na mkono wa ndani.

Vijaygiri Goswami alikuwa amefungwa Dubai kwa dawa za kulevya. Akaachiliwa mwaka 2012, akaja Kenya, akaishi pwani akishirikiana na ndugu wa Akasha, wauza dawa za kulevya wa Mombasa, hadi walipokamatwa Mombasa mwaka 2014. Sheria yetu ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011, katika kifungu cha 33, ina orodha ndefu ya wasiotakiwa kuingia, na wauza dawa za kulevya wamo. Kwa hiyo sheria tulikuwa nayo. Kesi yao ilipofika mahakamani Marekani, ndugu hao walikiri kwamba walikuwa wakiwahonga maafisa wa Kenya ili mambo yao yaende. Nadhani kila mbunge anayepiga kelele juu ya mipaka legevu angepaswa kwanza kuzisoma karatasi za kesi ile.

Na Félicien Kabuga, aliyetuhumiwa kufadhili mauaji ya kimbari ya Rwanda? Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikuwa Arusha, mwendo wa saa chache kwa basi kutoka Nairobi. Mwezi Julai 1997 polisi waliwakamata Nairobi watuhumiwa saba wa mauaji ya kimbari, akiwemo Jean Kambanda aliyekuwa waziri mkuu. Kabuga akaponyoka. Waendesha mashtaka wa mahakama ile waliilalamikia Kenya hadi mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Alikuja kukamatwa Mei 2020, Asnières-sur-Seine karibu na Paris, akiwa mzee anayeishi kwa jina la bandia. Ulaya, pamoja na kamera na mitambo yake yote, ilikuwa imempitisha. Wachunguzi walimfikia kwa kufuatilia simu za watoto wake.

Sasa niseme jambo ambalo wanaopinga udhibiti wa mipaka hawapendi kulisema. Ukaguzi mzuri unafanya kazi. Odeh yule yule aliondoka Nairobi usiku wa kuamkia mlipuko, akapita kwenye uwanja wetu wa ndege bila shida. Alipotua Karachi tarehe 7 Agosti 1998, afisa wa huko aliitazama pasipoti yake ya Yemen, akamtazama yeye, akaona picha na sura havilingani. Akamzuia. Siku hiyo hiyo watu 213 walikuwa wamekufa Nairobi na 11 Dar es Salaam, na wa kwanza kukamatwa kati ya wahusika alikamatwa na afisa mmoja aliyekuwa macho kwenye dirisha la uhamiaji. Fazul naye aliuawa mwezi Juni 2011 kwenye kizuizi cha barabarani Mogadishu, gari lake lilipokosea njia likajipeleka kwa askari. Kwa hiyo swali langu kwenu linahusu afisa wa Karachi: wa kwetu wako wapi, na tunawafanyia nini?

Nitawaeleza nilichokiona, katika kituo ambacho sitakitaja. Basi la usiku lilikuwa limeingia, abiria wamejipanga wakipiga miayo, utingo anawahimiza watu kwa sababu dereva amechelewa. Kwenye dirisha alikuwa afisa kijana, mgeni kazini. Akapokea pasipoti ya mwanamume mmoja aliyevaa suti nyepesi. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa ukurasa wa picha, akaurudia tena, akaunyanyua usawa wa taa. Plastiki ilikuwa imeinuka kidogo pembeni. Akamwomba yule bwana akae kando asubiri. Bwana hakubisha. Akatoa simu, akaongea maneno machache, akakaa. Haikupita muda simu ya mezani ikalia. Kijana akasikiliza, akasema "ndiyo mkubwa" mara mbili, akairudisha. Kisha akamwita yule bwana, akagonga muhuri bila kumtazama usoni. Wiki chache baadaye nikamuulizia kijana yule. Alikuwa amehamishwa kituo cha mbali. Simjui yule bwana alikuwa nani. Huenda hakuwa mhalifu. Lakini najua kwamba siku ile kila afisa wa zamu alijifunza kitu, na alichojifunza hakimo katika mafunzo yoyote ya uhamiaji.

Hapo ndipo mpaka wetu ulipo, Waheshimiwa. Uko kwenye ile simu ya mezani.

Uko pia kwenye ofisi zinazotoa hati. Samantha Lewthwaite, Mwingereza anayesakwa hadi leo kwa tuhuma za ugaidi, aliingia Kenya mwaka 2011 na pasipoti ya Afrika Kusini yenye jina Natalie Webb. Serikali ya Afrika Kusini yenyewe ilikiri kwamba pasipoti ile ilipatikana kwa udanganyifu. Haikuchapishwa gizani kwenye chumba cha nyuma. Ilitoka kwenye mfumo rasmi. Afisa wetu aliyeigonga muhuri huenda hakukosea chochote: hati ilikuwa halali, mwenye hati ndiye hakuwa. Na hebu tazameni wananchi wa kawaida wa Afrika Kusini walilipia nini. Mwaka 2009 Uingereza iliwaondolea ruhusa ya kuingia bila viza, sababu mojawapo ikiwa ni pasipoti zao kuangukia mikononi mwa wageni. Bibi wa Soweto anayetaka kumtembelea mjukuu London anajaza fomu na kulipa ada kwa sababu karani mmoja aliuza kurasa chache. Pasipoti ya Kenya nayo inaweza kufika huko. Kila kitambulisho kinachouzwa kinamnyang'anya heshima Mkenya anayesimama kwenye uwanja wa ndege wa ugenini na hati yake safi.

Mnaweza kuniambia kwamba sasa tuna mitambo: alama za vidole, kamera ndogo kwenye madirisha, kibali cha kusafiri cha kielektroniki kilichochukua nafasi ya viza tangu Januari 2024. Ni hatua nzuri na nawapongeza kwayo. Lakini mtambo ni orodha, na orodha isiyoangaliwa ni bure. Ndege ya Malaysia MH370 ilipopotea Machi 2014, ilijulikana kwamba abiria wawili walipanda kwa pasipoti za wizi, moja ya Austria na nyingine ya Italia. Zote mbili zilikuwa tayari kwenye orodha ya Interpol ya hati zilizoibwa. Hakuna aliyekuwa ameuliza. (Vijana wale wawili, ilikuja kujulikana, walikuwa Wairani wanaotafuta maisha Ulaya, wala hawakuwa magaidi kama dunia ilivyodhani siku ya kwanza.) Nauliza basi: ni madirisha mangapi katika vituo vyetu vya nchi kavu yanaweza kuuliza orodha hiyo ya Interpol papo hapo, abiria akiwa amesimama? Siku mtandao unapokatika, na mipakani hukatika, afisa hufanya nini? Nimewaona wakifungua daftari la mistari na kuandika majina kwa kalamu, wakati kadi ya manjano ya chanjo inakaguliwa kwa makini kuliko pasipoti.

Jambo jingine linalonitia wasiwasi ni tabia ya kupima hatari kwa jina la nchi. Januari 2025 Baraza la Mawaziri liliwaondolea Waafrika karibu wote sharti la kibali hicho cha kielektroniki, isipokuwa watu wa Somalia na Libya, kwa sababu za usalama. Naelewa hofu iliyopo. Lakini mmoja wa washambuliaji wa Westgate alitambuliwa kuwa raia wa Norway, kijana mwenye asili ya Somalia aliyekulia mji wa Larvik. Lewthwaite alikuwa na hati ya Afrika Kusini. Anayetaka kutudhuru hutafuta pasipoti ya nchi tusiyoiogopa, na tunayemwachia usumbufu ni mama wa Kisomali anayekuja kutibiwa Nairobi.

Na tunapowasumbua hao tunapoteza kitu ambacho ni ulinzi kuliko ua wowote: mdomo wa mwananchi. Novemba 2021 wafungwa watatu wa ugaidi walitoroka Kamiti. Serikali ikaweka zawadi ya shilingi milioni 60. Walikamatwa siku tatu baadaye Kitui, kwa sababu wanakijiji waliwatilia shaka wageni wachovu waliokuwa wakiulizia njia, wakatoa habari. Watu wale waliiamini polisi yao kiasi cha kuongea. Sasa likumbukeni zoezi la Usalama Watch la Aprili 2014, maelfu ya watu walipozolewa Eastleigh na wengine kufungiwa uwanja wa Kasarani, wakiwemo Wakenya wenye vitambulisho mifukoni. Mkazi wa Eastleigh aliyemwona mama yake akipakiwa kwenye lori, je, mwezi uliofuata angepiga simu kituoni kusema kwamba kwenye ghorofa ya juu kumekuja wapangaji wa kutiliwa shaka? Rais alipokomesha ule msasa wa ziada wa vitambulisho kwa watu wa kaskazini, Februari 2025 akiwa Wajir, wengi walisema anafungua mlango kwa wageni. Mimi nasema alifanya kazi ya usalama. Kijana wa Wajir anayepewa kitambulisho chake bila kudhalilishwa ana sababu ya kumtaja anayeuziwa cha bandia.

Vivyo hivyo na watu wa njia za panya. Kila anayeishi mpakani anazijua. Akina mama wanapita humo na ndizi, vitunguu na mitumba kwa sababu shamba liko upande huu na soko upande ule, na dada ameolewa ng'ambo. Wanajua ni bodaboda ipi inapita na nani, saa ngapi. Tukiwapokonya mizigo na kuwakimbiza, wanafunga mdomo, na mtu mwenye pesa anapita pale pale akiwa amebebwa na bodaboda ile ile. Wapewe pasi za muda kwa urahisi, na habari zitakuja zenyewe.

Ninachoomba si kigumu. Pesa zinazotengwa kwa seng'enge zipelekwe kwanza kwenye kuunganisha kila dirisha la kila kituo na orodha za Interpol, pamoja na jenereta na laini ya pili ya mtandao, na Bunge lipewe kila mwaka hesabu ya vituo vilivyounganishwa na visivyounganishwa, kimoja kimoja. Kila kitambulisho na kila pasipoti iliyotolewa iwe na jina la afisa aliyeidhinisha, ili siku mgeni anapokamatwa nayo tujue mlango alioingilia. Ushirikiano wa polisi wa Afrika Mashariki, ambao tumekuwa nao tangu mwaka 1998 kupitia umoja wa wakuu wa polisi, uwafikie maafisa wa chini: afisa wa upande wetu awe na namba ya mwenzake wa upande wa pili, na ruhusa ya kumpigia bila kuomba kibali Nairobi. Taarifa ya mzazi anayesema mwanawe ametoweka iwe na mtu wa kuifuata na tarehe ya kujibiwa.

Na kuhusu ile simu ya mezani, naomba kanuni moja, iandikwe na kubandikwa kwenye kila kituo. Afisa akimzuia msafiri kwa shaka ya hati, hakuna mkubwa wa kuibatilisha kwa mdomo. Anayetaka abiria huyo apite atume amri kwa maandishi, yenye jina lake, cheo chake na sababu, na nakala ibaki kituoni. Afisa aliyekataa asihamishwe kabla kesi hiyo haijachunguzwa na watu wasio wa idara yake. Kanuni hiyo haihitaji mkopo wala mkandarasi, na mnaweza kuitia saini wiki hii.

Wenu katika kulitumikia taifa,

Wakala wa forodha, mkazi wa mpakani